Kudumu katika ibada na kutumika kwa karama, Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa kwa wazee wa kanisa baada ya ibada, mnada wa sadaka ukiendelea nje na kila mtu akiwahi nyumbani, kwa hiyo mara nyingi hujibiwa nusu. Hapa yamepewa nafasi zaidi. Anayejibu ni Mlutheri, mzee wa kanisa upande wa Barabara ya Morogoro, na mifano mingi ni ya huko. Mkatoliki, Mwanglikana, Mmoravian, Msabato au mpendwa wa kanisa la Kipentekoste atabadilisha majina ya vyeo na siku, mengine yatamfaa. Maneno ya Biblia yanafuata tafsiri ya Union Version.

Nimehamia Bunju, lakini kipaimara nilipata Temeke na wenzangu wote wako huko. Nikihama usharika nitakuwa nimewatupa?

Hapana. Anayesali Temeke akitokea Bunju anaamka saa kumi na moja alfajiri, anabadilisha magari mawili au matatu, anafika ibada ikiwa kwenye matangazo. Baada ya muda anaanza kuja Jumapili moja moja, na mwishowe anakuwa mgeni kote kuwili: Temeke hawamwoni, Bunju hawamjui. Wengi wanaopotea kanisani katika mji huu hawajaikana imani hata siku moja. Wamepotelea kwenye foleni na nauli.

Omba barua ya uhamisho, ipeleke usharika ulio karibu, jiandikishe, kisha uliza jumuiya yako, yaani kikundi cha nyumba za jirani zinazosali pamoja, ni ipi na wiki hii inakutana kwa nani. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, na hata sisi tusio Wakatoliki tunajua kwa nini zimeshika. Kanisani unaweza kukosa Jumapili nne bila mtu kugundua, hasa kwenye sharika zenye ibada tatu. Kwenye jumuiya ya nyumba kumi na tano, ukikosa mara mbili mama mmoja atagonga geti akuulize kama unaumwa. Usikereke. Unatafutwa.

Kama una jukumu Temeke, mathalani unafundisha darasa la kipaimara, maliza mwaka na watoto wako kwanza ndipo uhame.

Nafanya kazi duka la Kariakoo na bosi anataka tufungue Jumapili. Nitaishikaje ibada?

Anza na haki yako, maana wengi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi asifanye kazi zaidi ya siku sita kwa wiki, na awe na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Akikubali kufanya kazi ndani ya mapumziko hayo, alipwe mara mbili ya ujira wake wa kawaida kwa saa. Sheria haitamki kwamba mapumziko hayo lazima yawe Jumapili, kwa hiyo usiende kwa bosi na Biblia mkononi ukimwambia anavunja sheria ya nchi. Nenda na pendekezo: mimi niingie Jumapili saa tano badala ya saa mbili, nibaki kufunga. Au tubadilishane na mwenzangu Mwislamu, nimshikie Ijumaa mchana naye anishikie Jumapili asubuhi. Mpango huu upo kwenye maduka mengi ya Kariakoo, na umedumu kuliko matamko mengi ya kuishi pamoja kwa amani.

Ikishindikana kabisa, kuna siku nyingine. Makanisa ya katikati ya mji huwa na ibada au misa siku za kazi pia. Ukishuka mwendokasi Kivukoni, Azania Front ya Walutheri na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki yote ni mwendo mfupi kwa mguu. Muuguzi wa zamu Muhimbili, mlinzi na dereva wa daladala nao wako kwenye kundi lako. Chagua ibada moja ya wiki inayowezekana, iweke kwenye ratiba, wala usiihamishe kwa ajili ya kikao cha harusi. Vikao vya harusi ndivyo vinavyokula Jumapili za mji huu kuliko mabosi wote wa Kariakoo, ila hatupendi kusema.

Naifuatilia ibada kwenye simu au redio. Haitoshi?

Kwa mgonjwa, mzazi aliyejifungua majuzi, mzee asiyeweza kupanda daladala, au aliye safarini: inatosha, na apelekewe Chakula cha Bwana nyumbani. Kwa mzima wa afya anayesikiliza mahubiri huku akikaanga samaki: amesikia mahubiri, vema, lakini hakuna aliyemwonya na hakuna aliyefarijika kwa kumwona. Waebrania 10:25 inasema tusiache kukusanyika pamoja “kama ilivyo desturi ya wengine, bali tuonyane”. Simu haikuonyi, ukichoka unaizima.

Nitajuaje karama yangu ni ipi?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na wengi wanaouliza wanataka siku moja ya maombi, mikono iwekwe kichwani, jibu litoke. Hutokea; Paulo anamkumbusha Timotheo karama aliyopewa kwa kuwekewa mikono ya wazee. Ila kwa wengi njia ni ndefu zaidi.

Soma kwanza orodha zenyewe: Warumi 12:6-8, 1 Wakorintho 12, Waefeso 4:11 na 1 Petro 4:10-11. Utaona hazifanani. Warumi inataja kukirimu, kusimamia na kurehemu. Wakorintho ina miujiza na lugha, lakini mstari wa 28 umeweka “masaidiano, na maongozi” kwenye safu hiyo hiyo. Petro anazifupisha kuwa aina mbili tu, kunena na kuhudumu. Mitume hawakuwa wanaandaa fomu ya kujaza. Walikuwa wanatazama makanisa yaliyopo na kutaja kile ambacho Roho alikuwa tayari anafanya kupitia watu.

Basi tazama nawe hivyo hivyo. Mambo gani watu wa jumuiya wanakuletea bila kutumwa? Kuna dada ambaye kila penye msiba ndiye anayeshika daftari la rambirambi, na kila shilingi inaonekana. Yeye anadhani hana karama kwa sababu hajawahi kushika kipaza sauti. Kuna kijana ambaye watoto wakimwona wanaacha kulia. Kuna baba mkimya ambaye akiwatembelea wagonjwa, wanauliza atarudi lini. Karama yako mara nyingi wanaijua kwanza wale wanaokula matunda yake, kwa hiyo waulize wao: mama wa jumuiya, mwinjilisti wako, hata mke wako akiwa hajakasirika.

Halafu jaribu. Omba nafasi kwa muda unaojulikana, tuseme hadi Pasaka. Ukiona kazi inajenga watu na wewe, pamoja na uchovu, unaitamani tena, endelea. Ukiona watoto wa Shule ya Jumapili wanakuogopa na wewe unawaogopa, rudi useme hapana kwa adabu. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kung'ang'ania darasa miaka kumi kwa sababu ya jina kwenye ubao wa matangazo.

Mimi siimbi, sihubiri, wala siombi kwa sauti kubwa. Nina kazi gani kanisani?

Katika Matendo 9 kuna mwanamke wa Yafa aitwaye Dorkasi. Hatuambiwi neno lolote alilohubiri. Alipokufa, wajane walisimama wakilia huku wakimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Ushuhuda wake ulikuwa umevaliwa. Nenda Matendo 6 nako: mgogoro wa kwanza wa ndani uliotaka uongozi mpya ulihusu chakula cha wajane, na watu saba waliochaguliwa kukigawa walitakiwa wawe na sifa njema, wamejawa na Roho na hekima. Kwa kugawa chakula!

Usharika wa kawaida wa Dar una uhaba wa watu kama hawa: mtu wa hesabu anayeweza kukagua vitabu bila kuogopa vyeo, fundi umeme wa kutazama zile nyaya zinazoning'inia nyuma ya madhabahu, anayejua lugha ya alama, mwenye gari atakayempitia bibi wa Mbezi asiyeweza kusimama kituoni, mwanasheria wa kuwashauri wajane kuhusu mirathi, na, wakati wa mvua za masika, watu wenye nguvu na ndoo kwa ajili ya nyumba za mabondeni zilizoingiwa maji. Kwaya hatuna uhaba nayo.

Ufundi wangu nimeusomea VETA, chuo cha ufundi. Huo nao ni karama ya Roho?

Kutoka 31 inasema Bezaleli alijazwa Roho ya Mungu ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Aliyejifunza akajua, na Mungu aliyemjaza, Biblia haioni ugomvi kati yao. Nawe usiuanzishe.

Kwaya yetu ina ugomvi usioisha: sare, michango, nani aimbishe. Nitoke?

Kaa kidogo, tuseme ukweli kuhusu kwaya. Kwaya ndiyo iliyowalea Wakristo wengi wa mji huu. Kijana anafika kutoka mkoani, hana ndugu, anaingia sauti ya nne. Mwezi haujaisha ana watu wa kumtafutia chumba na wa kumzika akifa. Mistari ya Biblia anayoijua kwa moyo ameijua kwa kuiimba. Sitaki mtu aidharau.

Lakini kwaya ina magonjwa yake. La kwanza ni gharama. Sare ya Pasaka, sare ya Krismasi, viatu vya rangi moja, mchango wa kurekodi, mchango wa ziara. Binti anayeuza vocha hawezi, anaona aibu kusema, anaacha kuja. Amefukuzwa na kitambaa. Mwalimu wa kwaya na mwenyekiti wakae wapange sare moja nzuri ya miaka kadhaa, na asiyeweza asaidiwe kimyakimya. La pili ni kutoka nje mahubiri yakianza na kurudi wakati wa wimbo wa kwaya. Anayefanya hivyo ametumbuiza, hakuabudu. Mungu kwa kinywa cha Amosi, sura ya 5, anakataa kelele za nyimbo za watu ambao haki haipo katikati yao. Na kwaya isiyosemezana haipaswi kujificha nyuma ya sauti nne zilizokaa vizuri.

La tatu halisemwi sana: kwaya zikiwa tano na kila moja ina nyimbo mbili, waumini wanageuka watazamaji. Siku hizi unaanzisha wimbo wa kitabuni ambao bibi zetu waliimba beti zote bila kufungua, unasikia watu wanaguna tu. Kwaya inayofundisha usharika mzima kuimba imefanya kazi yake. “Mambo yote na yatendeke kwa kusudi la kujenga,” Paulo aliwaandikia Wakorintho, nao walikuwa na vipaji vingi kuliko sisi.

Kuhusu kutoka: zungumza na mnayegombana naye peke yenu, kisha na mzee wa kanisa anayesimamia kwaya. Kama bado moto unawaka na roho yako inachafuka kila Jumanne ya mazoezi, pumzika kwa kuaga rasmi. Usihamie kwaya ya jirani na ugomvi wako mkobani.

Mpiga kinanda anadai alipwe. Si tunatumika bure?

Luka 10:7 inasema mtenda kazi amestahili kupewa ujira wake. Paulo naye alitetea haki hiyo katika 1 Wakorintho 9, kisha akaamua mwenyewe kutoitumia. Uamuzi wa kuacha haki ni wa mwenye haki. Kamati ya fedha haiwezi kumwamulia. Anayetoka Chanika mara tatu kwa wiki apewe nauli bila kuombwa-ombwa. Anayeifanya kazi hiyo siku nzima, aandikiwe mkataba. Ila mpigaji anayesema Jumamosi usiku kwamba bila pesa kesho haji, huyo ameifanya ibada kuwa mateka, na aambiwe hivyo.

Nimeambiwa na mtumishi mmoja kwamba nina karama kubwa imefungwa, nitoe sadaka maalumu ifunguliwe. Nitoe?

Usitoe.

Matendo 8 ina Simoni wa Samaria aliyewapa mitume fedha apate uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu. Petro alimjibu kwa ukali ambao hausomwi sana makanisani: fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kudhani karama ya Mungu inapatikana kwa mali. Yesu alipowatuma wanafunzi aliwaambia, “mmepata bure, toeni bure” (Mathayo 10:8). Anayekutoza ili ufunguliwe karama anauza asichokuwa nacho.

Sisemi kila anayeombea watu ni tapeli. Nimeona wagonjwa wakiombewa kwa unyenyekevu na wakitiwa moyo waendelee na dawa. Angalia mambo ya kawaida. Fedha zake zinasomwa mbele ya nani? Nani anaweza kumkemea? Anakuruhusu kwenda hospitali? Anakutaka umfiche mumeo kiasi unachotoa? Na akikusanya umati, anajali usalama wao? Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwenye msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Waliokufa walikuwa watu wenye shida za kweli, kama zako. “Zijaribuni hizo roho,” anasema Yohana, na kujaribu hakuwi kukosa imani.

Lazima ninene kwa lugha?

Paulo ameuliza mwenyewe katika 1 Wakorintho 12:30, “wote wanena kwa lugha?”, na jinsi alivyopanga maswali yake jibu ni hapana. Aliyejaliwa asizuiwe, ila anene kwa utaratibu; asiyejaliwa asisumbuliwe.

Natumika kila siku ya wiki na nimechoka. Maombi yangu binafsi yamekauka. Niko sawa?

Hauko sawa, na huenda usharika ndio uliokufikisha hapo. Mtu akionekana ana moyo, tunampa ukatibu wa vijana, uhasibu wa ujenzi, kamati ya mavuno, kisha tunashangaa amekuwa mkali. Yethro alipomwona Musa akiamua mashauri ya watu wote tangu asubuhi hata jioni, alimwambia jambo analofanya si jema, atajichosha yeye na watu wake (Kutoka 18). Yule alikuwa mkwe tu aliyekuja kusalimia. Nawe huenda mkeo ameshakuambia.

Andika majukumu yako yote kwenye karatasi. Baki na mawili. Mengine tafuta wa kumwachia, mfundishe hadi mwisho wa robo, umkabidhi mbele ya watu. Halafu kwa muda keti kanisani kama muumini wa kawaida, bila redio ya upepo, bila daftari, usikilize neno kwa ajili yako. Martha hakukemewa kwa kupika. Alikuwa akihangaika kwa utumishi mwingi hata akamlalamikia mgeni wake (Luka 10:40).

Kwa maombi, usianze na mikesha. Danieli alikuwa na nyakati tatu zinazojulikana na dirisha linalojulikana. Robo saa kabla ya kuoga, kila siku, zaburi moja na majina ya watu wa jumuiya yako, inajenga zaidi ya mkesha mmoja kwa mwezi unaokufanya ulale kazini Jumatatu.

Mume wangu ni Mwislamu, au hasali kabisa, na hapendi nikishinda kanisani. Nifanyeje?

Petro aliwaandikia wanawake wa hali hiyo kwamba waume wanaweza kuvutwa pasipo neno, kwa mwenendo (1 Petro 3:1). Mwambie mapema ratiba yako, rudi saa uliyosema, na chagua huduma isiyoinyima nyumba. Mume anayeona kwamba siku za kanisa ndizo siku anazokosa chakula na mazungumzo atalichukia kanisa, na atakuwa na sababu. Kama ni zaidi ya kutopenda, kama kuna kipigo au vitisho, hilo halimo kwenye mstari huo. Njoo kwa mchungaji, na kwenye vituo vya polisi kuna dawati la jinsia.

Nilianguka, nikasimamishwa huduma. Nimesharudi kundini lakini watu wananiangalia vibaya. Nitatumika tena?

Ndiyo, pole pole. Petro alimkana Bwana mara tatu, akaulizwa mara tatu kama anampenda, na kila alipojibu alipewa kazi (Yohana 21). Kurudi kundini kunakurudishia meza ya Bwana siku hiyo hiyo. Kuaminiwa na watu kunachukua muda zaidi, na mzee wa kanisa anayekuambia usubiri kabla ya kushika tena fedha au vijana anakulinda na wewe pia. Wakati huo kuna kazi zisizo na cheo. Wanaokuangalia vibaya watachoka. Wakitokea wasiochoka, wataje mmoja mmoja kwa mchungaji, naye asiwaseme mimbarani.

Nimestaafu, magoti hayataki kupanda ngazi za kanisa. Zamu yangu imekwisha?

Zamu imebadilika. Una muda wa mchana ambao hakuna kijana wa mji huu anao. Wafiwa wanatembelewa wiki ya kwanza, baadaye nyumba inabaki kimya. Wewe unaweza kwenda wiki ya sita. Vijana wanaofunga ndoa hawana mtu wa kuwaambia miaka ya kati inakuwaje. Na jumuiya inaweza kukutana kwako kila mara, ukisema.

Nimeelewa. Nianzie wapi wiki hii?

Muulize katibu wa jumuiya yako mnakutana lini na kwa nani, uende hata kama hujui nyimbo zao. Usiahidi kitu siku ya kwanza. Mwezi wa pili mwambie mzee wa mtaa wako jambo moja unaloweza kufanya na siku unayoweza, mathalani, “Jumamosi asubuhi nina saa mbili, najua kompyuta.” Asipokujibu ndani ya wiki mbili, mkumbushe, maana wazee wa kanisa tunasahau. Kwa sasa, karibu kila usharika unatafuta walimu wa Shule ya Jumapili wa ibada ya kwanza, ile ya saa moja, kwa sababu hakuna anayetaka kuamka.